Mwalimu Esnah Nyambeki na Ubao wa Kuchuna

Tarehe 31 Julai 1998 Mwalimu Esnah Nyambeki anastaafu. Amefundisha sayansi kwa miaka ishirini na minane, na kumi na miwili ya mwisho ameitumia hapa kwetu, Kituo cha Vifaa vya Sayansi cha Chebirir, akitengeneza vitu ambavyo shule zetu haziwezi kununua. Kwenye karatasi za serikali anaitwa Msaidizi wa Vifaa. Sisi tunamwita mvumbuzi, na kama kuna mtu anabisha, aje jikoni nimweleze.

Mimi ni Rebeccah, mpishi wa Kituo tangu kilipofunguliwa. Shule sikuingia hata siku moja, kwa hivyo mimi nasema na Fancy wa ofisini anapiga taipu, na nimemwonya asiniongezee maneno ya kizungu. Bwana Owino, mkuu wetu, ndiye aliyetaka iwe hivi. Alisema walimu wengine wakiandika, itakuwa hotuba.

Mwalimu alikuja upande huu mwaka wa 1970, msichana kutoka milima ya Kisii, na sanduku moja na stovu ya mafuta ya taa, akaajiriwa shule ya msingi karibu na Silibwet. Kipsigis hakujua hata salamu. Watu walisema hatamaliza muhula. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anafukuza mbuzi wa jirani kwa Kipsigis safi kuliko mwenye mbuzi. Darasani kwake hakukuwa na kitu, kwa hivyo alitengeneza. Mizani ilitoka kwa vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia. Mapafu ya binadamu yalikuwa chupa iliyokatwa chini na baluni mbili ndani. Watoto walipuliza na kuvuta hadi baluni zikapasuka, akanunua zingine.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, shule zote ziliambiwa zifundishe sayansi kwa vitendo, lakini hakuna aliyeleta vitu vya kufanyia hivyo vitendo. Kituo hiki kikafunguliwa, na Bwana Owino akamwita Mwalimu. Wiki ya kwanza alikuja jikoni kuazima debe langu la maji. Nikampa, kumbe sikujua tabia yake. Alichemsha maji kidogo ndani, akafunga kifuniko kwa nguvu, akalimwagia debe maji baridi juu. Debe likajikunja lenyewe, kwa kishindo, kama limekanyagwa na ng'ombe ambaye haonekani. Watoto wa shule tatu walikuwa wanatazama. Nilimfukuza na mwiko hadi kwenye ua wa michai. Leo hao watoto ni watu wazima, wanaweza kukueleza hewa ina uzito gani na mwiko wangu una urefu gani.

Huyo ndiye Mwalimu. Sasa niseme juu ya kompyuta, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane, na ndiyo karibu imwaibishe.

Ilikuja mwaka wa 1993. Ofisi moja ya majani ya chai ilikuwa imenunua mpya, ikatupa sisi hii ya zamani, ya rangi ya jino la mvuta tumbaku. Bwana Owino aliifunika kitambaa cheupe kama meza ya Bwana kanisani. Shule nyingi hapa hazikuwa na stima, sembuse kompyuta. Sisi tuliiendesha kwa jenereta ndogo ambayo ilipiga kelele na kunuka hadi ugali ukawa na ladha ya petroli. Lakini ilikuwa yetu. Mtoto wa mchunaji chai angeweza kuketi mbele yake bila kulipa nauli ya kwenda mjini.

Tukaita wazazi waje waione. Siku hiyo alikuwepo pia Mkaguzi wa sayansi kutoka Nairobi, suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, kwenye matope yetu. Mzazi wa kwanza kuketi alikuwa Chepngeno. Katika vilima hivi hakuna anayemshinda kuchuna. Bwana Owino akamwambia, kwa heshima zote, achukue herufi ya jina lake kwenye vitufe.

Chepngeno akaichukua.

Mtu wa chai habonyezi kitu. Tangu utotoni anaambiwa jani lisifinywe, kwa sababu jani lililofinywa linageuka jekundu na karani wa majani analirudisha. Unashika kwa ncha za vidole, unavunja kwenda juu, unatupa nyuma ya bega ndani ya kikapu, na macho yako yameshaenda kwa mchai unaofuata. Basi Chepngeno akashika ile herufi kwa ncha za vidole, akaivunja, akaitupa nyuma ya bega. Akaichukua ya pili. Kabla Bwana Owino hajavuka chumba, mstari mzima ulikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

“Hii ni ngumu,” Chepngeno akasema. “Hii imekomaa sana. Mlichelewa kuchuna.”

Akina mama walicheka hadi wengine wakaketi chini. Bwana Owino alikuwa amepiga magoti chini ya mabenchi anatafuta alfabeti. Mkaguzi hakucheka. Alisema mbele yetu sote kwamba mashine haiwezi kukaa mahali kama hapa, itapelekwa shule ya mjini ambako watu wanajua kubonyeza. Mwalimu akasimama akaomba muda. Mkaguzi akampa hadi Desemba. Kama kufikia hapo mtu wa hapa hawezi kuitumia bila kuiharibu, inaenda, na watoto wetu wataendelea kuona kompyuta kwenye gazeti la kufungia sukari.

Wengine wote tulikuwa tumejaa aibu. Chepngeno alikuwa ameficha mikono ndani ya leso. Mwalimu akaenda akapiga magoti mbele yake.

“Nionyeshe tena,” akasema.

“Nivunje tena, Mwalimu? Huyo mzee wa suti atakufa hapa.”

“Vunja polepole. Nataka kuona vidole.”

Hapo ndipo wazo lilizaliwa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika. Kama mikono ya hapa inajua kuvuta, basi mashine ifundishwe kuvutwa. Mtu yeyote mwingine angeandika kwa herufi kubwa, USIVUTE, akabandika ukutani.

Mwalimu alitengeneza ubao. Vigingi vidogo vya mbao ya masanduku ya chai, kila kimoja kimekaa juu ya springi, na chini yake waya wa spoki ya baiskeli. Ukivuta kigingi juu, waya unagusa waya, kompyuta inajua umechagua nini. Chuma cha kuunganishia waya alikipasha moto kwenye makaa yangu, na kila siku maharagwe yalisubiri sayansi.

Desemba ikafika, Mkaguzi akaja, na safari hii alikuja na pikapu na kamba. Hakuficha. Chepngeno akaketi mbele ya ubao, akafunga leso vizuri, akaanza kuchuna. Lakini nani alikuambia mtu anachuna chai kwa mkono mmoja? Mikono yote miwili iliingia kazini, huku na huku, mbio. Ubao ulikuwa umetengenezwa kwa kigingi kimoja kwa wakati. Kompyuta ikajaza kioo na takataka, ikalia kama kifaranga, ikazima.

Mwalimu hakusema kitu. Mimi nilisema, lakini Fancy amekataa kuandika.

Kilichotuokoa siku hiyo ni likizo. Shule ya mjini ilikuwa imefungwa, hakuna wa kupokea mzigo. Mkaguzi akasema atarudi Aprili, muhula ukikaribia kuisha, na akirudi hatasikiliza hadithi. Alimwambia Mwalimu, na nilisikia, kwamba mwalimu mwenye akili kama yake anapoteza miaka yake akiwatengenezea vitu watu ambao hawatavihitaji. Mwalimu akamshukuru kwa kuja. Akamsindikiza hadi kwenye gari. Halafu akaja jikoni, akaketi juu ya gunia la viazi, akaniuliza kama Chepngeno anachuna kesho.

Siku iliyofuata Mwalimu Esnah Nyambeki, mwanamke wa miaka hamsini, mwalimu mwenye cheti, alifunga karatasi ya nailoni kiunoni, akabeba kikapu mgongoni, akaingia kwenye shamba la Chepngeno kuchuna majani. Chai alikuwa ameinywa maisha yake yote. Kuichuna, alikuwa hajawahi kugusa. Likizo yote alikuwa huko, kwenye umande, asubuhi baada ya asubuhi.

Alikuwa mbaya! Wacha niseme ukweli, ni sherehe yake lakini ukweli ni ukweli. Alichuna majani magumu akaacha laini. Alifinya. Kikapu cha Chepngeno kikijaa, chake kilikuwa bado kinaonyesha chini. Kwenye kituo cha kuuzia, karani alimwaga majani yake mezani, akayachambua kwa kidole kimoja, akauliza, “Mama, hii umeletea kiwanda ama umeletea mbuzi?” Foleni yote ikacheka. Alirudi nayo nyumbani. Kesho yake akarudi tena foleni hiyo hiyo.

Watoto aliowafundisha walipita barabarani wakamwona. Bwana Owino alikuja hadi shambani, amebeba mwavuli, akamwambia hii si kazi ya mwalimu, watu wanasema Kituo kimefilisika.

“Bwana Owino,” Mwalimu akamwambia, “hawa akina mama hawaangalii mikono. Umewahi kuona? Anaongea na jirani, anamkemea mtoto, macho yako mbele huko, na mkono unajua jani laini peke yake. Mimi nilitengeneza kitu cha kuangaliwa.”

“Na hiyo haikuweza kuonekana ukiwa umeketi kwa ofisi?”

“Nilikuwa nimeketi kwa ofisi. Ulikuja na kamba au hukuja?”

Bwana Owino anasema yeye hakuja na kamba, alikuja Mkaguzi. Ni kweli. Lakini siku hiyo Mwalimu alikuwa amechoka na alihitaji mtu wa kugombeza, na Bwana Owino alikuwa karibu. Alivumilia, na tunamshukuru hapa. Alimwachia mwavuli.

Ubao wa pili ulikuwa kitu kingine kabisa. Ulikuwa na pande mbili, mkono wa kushoto na wa kulia, na kompyuta ilikubali yote miwili ikifanya kazi pamoja. Kila kigingi kilikuwa na kichwa chake: hiki punje ya mahindi, hiki kipande cha ngozi ya mbuzi, hiki kifungo cha shati, hiki uzi uliofungwa mafundo. Kidole kikigusa kinajua bila jicho. Na kwa kuwa macho ya watu wetu hayako kwenye kioo, aliifanya mashine iimbe. Ukinyanyua kigingi, kompyuta inasoma kipima joto alichoiunganishia kwa waya: kikiwa baridi, sauti inakuwa nzito kama ya mzee wa kanisa. Joto likipanda, sauti inapanda. Chepngeno aliujaribu kila Jumapili baada ya ibada, na kila alipoona kasoro alisema waziwazi, kwa sababu huyo mama hajui kusema kwa mzunguko. Kigingi cha ngozi kilihamishwa mara nyingi hadi akanyamaza.

Aprili. Mkaguzi akaja, pikapu ikaja, kamba ziko. Alitoa sharti lake: wanafunzi wa darasa la sita na mzazi mmoja wafanye jaribio la sayansi kwa mashine hiyo mbele yake, wamweleze maana yake, na Mwalimu asiwe ndani ya chumba. Asitoe hata ishara kwa dirisha.

Kwa hivyo Mwalimu alikuja kungoja kwangu, na yaliyotokea siku hiyo tuliyasikia kupitia ukuta wa mabati. Nilimpa viazi amenye, mikono ipate kazi. Alimenya kiazi kikubwa hadi kikabaki kama gololi. Nikamwambia, Mwalimu, hicho kilikuwa chakula cha mtu. Hakunisikia.

Tulimsikia Chepngeno akiwaambia watoto wasogee. Chumbani kulikuwa na majani ya aina mbili: mengine yametandazwa juu ya gunia, mengine yameshindiliwa ndani ya gunia tangu jana yake. Kila mchunaji anajua majani yakishindiliwa yanaungua, na karani anayakataa. Kwa nini yanaungua na hakuna moto, hilo lilikuwa swali.

Kipima joto kikawekwa kwenye majani yaliyotandazwa. Sauti nzito, mzee wa kanisa. Halafu tukasikia gunia likifunguliwa, na sauti ikaanza kupanda. Ilipanda, ikapanda, ikawa nyembamba, na watoto wakaanza kupiga kelele, na Chepngeno akasema kwa sauti ya juu kuliko mashine, “Hiyo ndiyo moto mimi husikia kwa mkono! Hiyo! Inaimba!”

Halafu kukawa kimya. Mashine kimya, watoto kimya.

Mwalimu akaweka kisu chini. Aliniangalia, na miaka yote niliyomjua sikuwa nimewahi kumwona na uso ule. Akasema, “Imezima tena, Kogo.” Huwa ananiita hivyo, kogo, yaani nyanya, kama wajukuu wangu. Nilimshika bega tu.

Ndipo sauti ikaanza tena. Nzito. Halafu ikapanda, lakini kwa kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ikashuka. Ikapanda. Tukasikia Chepngeno anagombeza: “Si hivyo, mzee. Usifinye. Nyanyua. Nyanyua tu! Umezoea kubonyeza watu.”

Chumba kizima kilicheka, na ndani ya kicheko hicho kulikuwa na cha mwanamume mmoja ambacho hatukuwahi kukisikia hapo nyuma. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye ubao; kumbe kimya kile kilikuwa cha kumpisha yeye akae. Msichana mmoja wa darasa la sita akamweleza kwamba jani lililochunwa bado linapumua, na kinachopumua kinatoa joto, na likishindiliwa joto halina pa kwenda. Mkaguzi akamwuliza swali la pili, msichana akajibu. La tatu lilikuwa gumu, akasema hajui lakini wanaweza kupima. Nafikiri hilo ndilo lililommaliza Mkaguzi.

Alitoka nje. Tukamsikia akiita, “Dereva! Rudisha kamba kwa gari. Na mwambieni Mwalimu aingie, kwa nini amefichwa jikoni?” Kana kwamba si yeye aliyemficha.

Mwalimu hakuingia mara moja. Alilia kwanza, kwenye aproni yangu, na mimi nikalia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Halafu akaingia na uso umeoshwa.

Tangu siku hiyo ubao wa kuchuna umefika shule nyingi, kutoka Silibwet hadi Sosiot, na kila fundi anayeunda mwingine anabadilisha vichwa vya vigingi kwa kile kilicho karibu naye. Mwaka wa 1996 uliitwa kwenye shule ya watoto wasioona. Mwalimu alikuwa amejitayarisha kuwaeleza, lakini kabla hajamaliza salamu, vidole vilikuwa vimeshapata punje ya mahindi na kifungo, na chumba kilikuwa kinaimba. Kile alichotengenezea mama asiyeangalia mikono kilikuwa tayari kwa mtoto asiyeona. Alirudi amefurahi hadi hakula. Mwaka jana alipewa zawadi Nairobi, mbele ya maprofesa, kwa kazi ya watu na mashine. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alisema jina la Chepngeno, jina la kijiji, akaketi.

Tangu habari ya kustaafu itangazwe, watu wamekuwa wakiniuliza jikoni kama wanauliza msiba: Mwalimu akienda, mashine itakaa? Ikiharibika nani ataitengeneza? Si wataichukua sasa?

Mwezi uliopita iliharibika. Springi tatu zilikatika pamoja, na waya mmoja ukaungua, katikati ya somo. Mwalimu alisimama mlangoni, mikono nyuma, na niliona mguu wake mmoja umeshavuka kizingiti. Nikamshika mkono. Wasichana wa klabu ya sayansi waliugeuza ubao, wakabishana, wakakosea, wakafungua tena. Mmoja alikuja kuomba makaa ya kupasha chuma moto. Nikampa, maharagwe yakasubiri. Mwisho mashine ikaimba, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kumwuliza Mwalimu kama ni sawa. Walikuwa wameshaendelea na somo.

Kwa hivyo jibu ni hilo, na ninalisema wazi kwa sababu kusema kwa mafumbo sikufundishwa: Mwalimu, hatukuhitaji tena. Uliifanya kazi hadi ikaisha. Hakuna gari la mtu yeyote litakaloipakia mashine hii, kwa maana akiichukua, hawa wasichana watatengeneza nyingine kabla hajafika Kericho.

Tunakupenda, hilo ni jambo lingine, na hilo halistaafu. Asante kwa miaka yako, kwa akili yako, kwa kukubali kuchekwa kwenye foleni ya majani. Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wageni wanaojua kuondoka. Kaa vizuri, Mwalimu wetu. Na ukipita hapa, pita kama mgeni: uketi, utazame, na usiguse.

Rebeccah, mpishi, kwa niaba ya wote wa Kituo cha Chebirir.